Kijana wa Laie aliyelilaza gita mapajani

Wenzangu waliokuwa wakienda sinema mjini Mombasa katika miaka ya 1960 bila shaka wataikumbuka sauti moja. Katika filamu nyingi za Kihindi, pale mpenzi anapoachwa peke yake na usiku ni mrefu, ilikuwa ikisikika ala inayolia kama mtu. Haikudonoa kama udi, wala haikukereza kama fidla. Iliteleza. Sauti ilianzia chini, ikapanda polepole bila kukatika, ikafika juu ikatetemeka kidogo, kisha ikashuka mfano wa mtu ashukaye ngazi huku akijifuta machozi.

Tukitoka hapo tulikuwa tukikaa barazani tukibishana. Mmoja atasema ile ni sitari, mwingine ataapa kuwa ni fidla iliyotiwa umeme. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilishikilia kuwa ni ala ya kale ya Kihindi iliyorithiwa baba kwa mwana tangu enzi za masultani wa Delhi. Na kwa kuwa nilikuwa na sauti kubwa kuliko wenzangu, ubishi ule niliushinda mimi.

Niliushinda kwa maneno matupu, na miaka mingi ilipita kabla sijaujua ukweli. Ala ile ilikuwa gita. Gita hili hili tunalolijua sote. Ila lilikuwa limelazwa mapajani, nyuzi zake zimeinuliwa juu ya shingo, na mpigaji hazibonyezi kwa vidole bali anapitisha juu yake kipande cha chuma kilicholainishwa. Na jambo hilo halikutoka Delhi wala Bombay. Lilitoka katika kijiji kimoja cha pwani, katikati ya bahari ya Pasifiki, kwa kijana ambaye jina lake sikupata kulisikia likitajwa barazani hata mara moja.

Jina lake lilikuwa Joseph Kekuku. Leo nataka kumlipa deni langu.

KIJIJI CHA PWANI

Kekuku alizaliwa tarehe 29 Disemba, 1874, katika kijiji cha Laie, kwenye kisiwa cha Oahu katika visiwa vya Hawaii. Mwaka ule ule ndio aliotawazwa Mfalme Kalakaua. Wakati huo Hawaii ilikuwa dola yenye mfalme wake, bendera yake na mabalozi wake, wala haikuwa sehemu ya Marekani. Ni visiwa vilivyo mbali mno na bara. Kutoka huko hadi pwani ya California ni zaidi ya kilomita 3,500 za maji matupu. Watu wake ni wavuvi na mabaharia, wapenda nyimbo, na sisi wa mwambao tungewaelewa upesi.

Gita halikuwa ala ya asili yao. Lililetwa katika miaka ya 1830 na wachunga ng'ombe waliotoka Mexico na California, walioitwa na mfalme wa wakati huo wawafundishe watu wake kazi ya kudhibiti ng'ombe wa mwitu. Wenyeji walilipenda gita lile, lakini hawakukubali kulipiga kama walivyoonyeshwa. Walilegeza baadhi ya nyuzi mpaka zote sita, zikipigwa pamoja bila kuguswa na kidole cha mkono wa kushoto, zikatoa mlio mmoja uliopatana. Kila ukoo ukawa na namna yake ya kulegeza, na kwingine siri hiyo ilichungwa kama siri ya mganga.

Naomba msomaji alishike jambo hili, maana bila hilo habari ya Kekuku haieleweki. Gita la kawaida, ukizipiga nyuzi zake zote kwa pamoja bila kubonyeza kitu, hutoa vurugu. Gita la Hawaii lilikuwa tayari limekubaliana lenyewe kwa lenyewe. Kwa hiyo fimbo moja iliyonyooka ikilazwa juu ya nyuzi zote, popote itakapolazwa, mapatano yale yale yatasikika, ila yatakuwa yamepanda au kushuka. Mlango ulikuwa umeachwa wazi. Ilibaki mtu wa kuingia.

CHUMA NA UZI

Masimulizi ya namna alivyoingia ni zaidi ya moja. Lililo mashuhuri ni kwamba, akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja hivi, alikuwa akitembea kando ya reli huku akipiga gita lake, akaokota parafujo la chuma lililoanguka njiani, na kwa bahati chuma kile kikagusa uzi. Uzi ukalia kwa namna ambayo hakupata kuisikia. Simulizi jingine halitaji reli. Lasema kuwa kilichogusa nyuzi kilikuwa kisu kidogo cha mfukoni, na jingine linataja kitana cha nywele.

Mimi simulizi la reli silikatai, lakini nalitazama kwa jicho moja. Reli kubwa ya kisiwa cha Oahu ilianza kazi mwaka wa 1889, na mtoto yule mwaka huo alikuwa ameshatimiza miaka kumi na minne. Watu hupenda ajali njema iwe na mahali pake na saa yake. Lakini hata ajali ikiwa ya kweli, haimtengenezi fundi. Watoto wangapi wameangusha kisu juu ya nyuzi, wakasikia mlio wa ajabu, wakacheka, wakaenda zao kucheza? Kekuku hakwenda zake. Alikaa nao.

Mwaka huo huo wa 1889 aliingia shule ya wavulana ya Kamehameha mjini Honolulu. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1887 kwa mali iliyoachwa na mwanamke wa ukoo wa kifalme, Bernice Pauahi Bishop, aliyefariki mwaka wa 1884 akiwa hana mtoto. Ardhi yake aliiusia isomeshe watoto wa nchi yake, mfano wa wakfu tunaoujua sisi. Wavulana walifundishwa vitabu na pia kazi za mikono: useremala, uhunzi na kadhalika. Na hapo ndipo bahati ilipokutana na nyenzo. Katika karakana ya shule kijana yule aliacha parafujo, akaacha kisu na kitana, akajitengenezea kipande cha chuma kizito, laini, kinachokaa vizuri mkononi.

Kisha akaligeukia gita lenyewe. Alipokilaza chuma juu ya nyuzi, uzito wake ulizikandamiza nyuzi zikagonga vile vijistari vya chuma vilivyopandwa kwenye shingo, zikatoa mlio wa kukwaruza. Basi akaziinua nyuzi kule juu, pale shingo inapokutana na kichwa, zikawa hazigusi tena vijistari. Nyuzi za utumbo alizokuwa akitumia zilikuwa na sauti iliyokufa upesi; akaweka nyuzi za chuma, ambazo mlio wake hukaa. Gita likalazwa mapajani uso juu. Mkono wa kushoto ukashika chuma, wa kulia ukadonoa. Husemwa kuwa ilimchukua miaka saba kuimiliki ala hiyo barabara.

Nduguye Sam Nainoa alikuwa naye shuleni, na wakipiga pamoja, yule na fidla, huyu na gita. Wanafunzi wenzao walisikia, wakaiga, wakaenda nayo visiwani kwao. Kabla karne haijaisha ilikuwa imeenea Hawaii nzima.

NILIPOJARIBU MWENYEWE

Hapa sina budi kusimulia kisa changu, maana mpaka nilipokijaribu kitu hiki kwa mikono yangu ndipo nilipojua ukubwa wa kazi aliyoifanya mtoto yule.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 nilinunua gita kuukuu katika mnada. Shingo ilikuwa imepinda, na nyuzi ziko juu kiasi kwamba hapana kidole cha binadamu kingeweza kuzibonyeza. Nililipeleka kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa akitengeneza na kukarabati udi, nikamwomba alinyooshe. Alilitazama, akatikisa kichwa, akaniambia kuwa gita lile kwa kazi yake ya kawaida limeshakufa. Nikamweleza habari ya gita la kulazwa mapajani. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema basi kilema chake kimegeuka kuwa sifa.

Kazi aliyoifanya ilikuwa ndogo. Alichonga kipande cha pembe ya ng'ombe, akakikata vijifereji sita, akakiweka badala ya kile kipande cha mfupa kilichokuwa kimezibeba nyuzi kule juu. Nyuzi zikainuka kama sentimita moja kutoka kwenye shingo. Kwa upande wa chini, pale zinapokanyaga tumbo la gita, alikuta kipande kinachozibeba kimechongwa kwa mviringo kidogo, kikifuata mviringo wa shingo. Akakinyoosha kwa tupa. Aliniuliza nitapitishaje chuma kilichonyooka juu ya nyuzi zilizopanda na kushuka kama kilima. Zilitakiwa ziwe sawa kama maji yaliyotulia. Shingo yenyewe hakuigusa, maana nyuzi hazitaikanyaga tena. Vile vijistari vimebaki kuwa alama za kutazama tu.

Baada ya hapo makosa yalikuwa yangu. Nilitaka kuzitia nyuzi sauti ya A, ile waliyoipenda wapigaji wengi wa zamani wa Hawaii. Ili uipate kutoka kwenye mpangilio wa kawaida, huna budi kuzikaza nyuzi tatu za katikati, yaani wa nne, wa tatu na wa pili, kila mmoja kwa sauti nzima. Nikakaza. Uzi wa tatu ukakatika, ukanichapa mkono kama bakora ya maalimu. Fundi alinipa wasia ninaoupa mtu yeyote mwenye gita kuukuu: legeza, usikaze. Tukalegeza wa sita, wa tano na wa kwanza, kila mmoja kwa sauti nzima, tukapata mpangilio wa G, na gita likapumua. Akaniusia vilevile nisithubutu kutia nyuzi za chuma katika gita lililoundwa kwa nyuzi za nailoni, kwani mvuto wake huweza kuking'oa kile kibao kilichogandishwa juu ya tumbo.

Chuma chenyewe kilinipa taabu. Nilianza na kipande cha nondo, kikakwaruza. Nikajaribu chupa, ikawa nyepesi. Mwisho nikapata kwa mafundi wa magari pini ya pistoni, nzito na laini kama kioo, na hiyo ndiyo iliyoimba. Nilipata kucheka peke yangu, kwani nilikuwa nimepita njia ile ile ya Kekuku kutoka chuma cha kuokota mpaka chuma kilicholainishwa, ila yeye hakuwa na wa kumwambia kuwa mwisho wa njia upo.

Halafu nikapiga, na kila sauti ikawa imepooza kidogo. Nilikuwa nikikiweka chuma nyuma ya kijistari, kama kidole kinavyowekwa. Yule mzee alichukua gita, akalilaza mapajani, akafumba macho, akatelezesha chuma mpaka sauti ilipokaa. Alipofumbua macho, chuma kilikuwa juu kabisa ya mstari. Hakuwa amepata kulishika gita maishani mwake. Lakini udi hauna vijistari shingoni, na mpiga udi hutafuta sauti yake kwa sikio.

Ndipo aliponionyesha jambo ambalo lilinifanya nimheshimu Kekuku. Alitelezesha chuma mpaka mahali fulani kati ya mstari na mstari, akapiga sauti ya maqamu ya Sika, sauti ambayo gita la kawaida halina, kwa sababu vile vijistari vimeigawa shingo vipande vipande na kilicho katikati kimetupwa. Kwenye gita lile ilikuwapo. Mtoto wa Laie hakuwa ameongeza sauti mpya tu katika gita. Alikuwa amelifungua pingu.

NANI WA KWANZA?

Haki yataka niseme kuwa Kekuku hakuachiwa sifa hii bila ya ubishi. Wako waliomtaja James Hoa, na wako waliomtaja Gabriel Davion, ambaye inasemekana alizaliwa Bara Hindi na akafika Hawaii kwa njia ya bahari. Na ni kweli kwamba kutelezesha kitu juu ya uzi si jambo geni duniani. Kusini mwa Bara Hindi iko ala iitwayo gottuvadyam, na kaskazini vichitra veena, na zote mbili hupigwa kwa kutelezesha kigumba juu ya nyuzi. Huenda Davion alikuwa amepata kuiona ala ya namna hiyo utotoni.

Lakini kuna tofauti kati ya kufanya jambo na kulisimamisha. Wanamuziki wa Honolulu waliomjua Kekuku walimpa yeye haki hiyo, kwa sababu ndiye aliyekamilisha vyote pamoja: chuma, nyuzi zilizoinuliwa, namna ya kukaa, na zaidi ya yote, kufundisha. Jahazi halihesabiwi kuwa jahazi kwa sababu mtu fulani aliwahi kuona gogo likielea.

SAFARI ISIYO NA MAREJEO

Wakati Kekuku akiwa kijana wa miaka kumi na minane, nchi yake iliondoka mikononi mwa wenyewe. Januari 1893 Malkia Liliuokalani alipinduliwa na kundi la matajiri wa kigeni, wanajeshi wa manowari ya Marekani wakiwa wameshuka mjini. Mwaka wa 1896 sheria ikaifanya lugha ya Kiingereza kuwa ndiyo ya kusomeshea shuleni, na Kihawaii kikaanza kukauka vinywani mwa watoto. Mwaka wa 1898 visiwa vikatiwa rasmi ndani ya Marekani.

Mwaka wa 1904 Kekuku alipanda meli kwenda Marekani bara. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alipiga katika majumba ya michezo ya pwani ya magharibi, akafundisha wanafunzi, akazunguka mji hadi mji. Hakuwa peke yake, maana Wahawaii wengi wa wakati ule waliona kuwa nyimbo zao zina nafasi zaidi ugenini kuliko nyumbani. Yalipofanyika maonyesho makubwa ya San Francisco mwaka wa 1915, waliokwenda katika banda la Hawaii walilisikia gita lile wakawa kama waliorogwa. Katika mwaka wa 1916 santuri za Hawaii zilikuwa miongoni mwa zilizouzwa sana Marekani nzima.

Ukiyatazama magita yenyewe utaona jinsi jambo hili lilivyogeuka kazi ya viwanda. Mwanzo kila mtu alifanya kama nilivyofanya mimi: alichukua gita la kawaida akaziinua nyuzi. Maduka yakauza kipande cha chuma chenye vijifereji sita cha kupachikwa juu ya kile cha zamani, nyuzi zenyewe zikikishikilia kwa mvuto wake. Ukikiondoa, gita limerudi lilivyokuwa. Kisha mafundi wakaunda magita ya kazi hiyo tu, kama yale ya Hermann Weissenborn wa Los Angeles, ambayo shingo yake ni wazi ndani na haikuundwa kwa kukamatwa na mkono.

Mwaka wa 1919 Kekuku alivuka Atlantiki pamoja na mchezo wa kuigiza uitwao The Bird of Paradise, uliotungwa na Mmarekani Richard Walton Tully. Mchezo ule uliionyesha Hawaii kama wageni walivyoiota, na Wahawaii wenyewe waliwekwa humo kupiga muziki. Kwa muda wa miaka minane alizunguka nchi za Ulaya. Watu wa huko waliokuwa hawaijui Hawaii iko wapi walikaa kimya wakilisikiliza gita la kijana wa Laie, ambaye sasa hakuwa kijana tena. Mara nyingine mimi hujiuliza alikuwa akiwaza nini jioni, mchezo ukisha, akikitia chuma chake mfukoni na kutoka nje kwenye baridi. Wao walikuwa wamenunua tikiti waione nchi yake kwa saa mbili. Yeye alikuwa hajaiona kwa miaka mingi.

Aliporudi Marekani alifundisha muziki Chicago, kisha akahamia na mkewe katika mji wa Dover, jimbo la New Jersey. Hakurudi tena kukaa kwao. Tarehe 16 Januari, 1932, alifariki dunia kwa kupasuka mshipa wa ubongo, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, akazikwa huko huko Dover, upande wa pili wa bara, mahali penye theluji.

BAADA YAKE

Mwaka huo huo wa 1932 huko Los Angeles kilianza kuuzwa chombo kipya kilichobuniwa na George Beauchamp kwa kushirikiana na Adolph Rickenbacker. Kilikuwa cha aluminiamu, kina tumbo dogo la mviringo na shingo ndefu, hata watu wakakiita kikaango. Ndilo gita la umeme la kwanza kutengenezwa na kuuzwa kwa mafanikio. Na lilikuwa ni gita la kulazwa mapajani! Wapigaji wa namna ya Kihawaii ndio waliokuwa na haja ya sauti kubwa, na kwa ajili yao umeme ukatiwa katika gita kabla ya watu wengine wote. Kwa hivyo kila kijana wa leo anayetingisha ukumbi kwa gita la umeme anadaiwa na karakana ile ya shule ya Honolulu, ajue asijue.

Sasa nirudi barazani petu. Sauti ile ilifikaje katika sinema ya Mombasa? Hapa ndipo habari inapopendeza. Tau Moe, aliyezaliwa Samoa mwaka wa 1908, alihamia na wazee wake utotoni katika kijiji kimoja cha Oahu. Kijiji hicho ni Laie, kile kile cha Kekuku. Yeye na mkewe Rose walisafiri na gita hilo Asia nzima, na katika miaka ya 1940 walikaa Calcutta, wakapiga na kufundisha. Wahindi hawakuhitaji kushawishiwa. Muziki wao nao hupenda sauti inayoteleza, na hapa walipata gita linaloweza kuimba kama koo. Van Shipley akalipiga katika filamu za Bombay. Brij Bhushan Kabra akapiga raga kwalo. Baadaye Vishwa Mohan Bhatt alilibadilisha gita zaidi, akaliongezea nyuzi mpaka zikawa kama ishirini, akaliita mohan veena, na mwaka wa 1994 akapata tuzo ya Grammy kwa santuri aliyopiga pamoja na Mmarekani Ry Cooder.

Nyimbo za filamu hizo zilivuka bahari mpaka kwetu. Sote twajua jinsi taarabu ya Mombasa ilivyozipokea tuni zile, na jinsi marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka wa 2014, alivyozivisha maneno ya Kiswahili yakatukaa vifuani. Basi Laie ikaenda Calcutta, Calcutta ikaenda Bombay, na Bombay ikaja Mombasa. Mwisho wa msafara huo nimekaa mimi barazani, naapa kwa kelele kwamba ala ile ni ya masultani wa Delhi.

Si neno kwamba kitu kikitembea hubadilika. Hiyo ndiyo kawaida ya bahari, na sisi watu wa pwani tumelelewa na vitu vilivyotoka mbali. Lakini mzigo ukifika bandarini, hati yake husomwa: umetoka wapi, ni wa nani. Sauti ya Kekuku ilifika bila ya hati. Wenzake wa kazi walimtia katika orodha ya heshima ya wapigaji wa gita hilo mwaka wa 1993, miaka sitini na mmoja baada ya kufa kwake, na katika karne hii ndipo sanamu yake iliposimamishwa Laie.

Wako wangapi kwetu wa namna yake? Nani aliyeunda udi uliopigwa katika harusi ya mama yako? Yule mzee aliyenichongea pembe ya ng'ombe ameshatangulia mbele ya haki, duka lake limegeuka la kuuzia simu, na nilipowauliza vijana wa mtaa ule habari zake hapana aliyemjua. Gita lake ningali nalo. Nikililaza mapajani usiku, nikapitisha ile pini ya pistoni, wajukuu huniuliza hii ni ala gani, na imetoka wapi.

Sasa nawajibu vizuri. Nawatajia kijana wa Laie kwanza, kisha nawatajia fundi wangu.